Jinsi ya Kununua Inveta ya Boti Bila Kusumbuliwa na Hesabu

Zamani boti ndogo ya Dar es Salaam ilihitaji nahodha, petroli na dua. Siku hizi inahitaji na soketi. Abiria wa Jumamosi anayevuka kutoka Kunduchi kwenda Mbudya hatosheki na kufika. Anataka kufika sabufa ikiunguruma, simu ikiwa imejaa chaji, na ikiwezekana juisi ya embe iliyosagwa mbele ya macho yake. Mvuvi wa dagaa wa Mbweni anataka taa za usiku wa giza. Mwenzake wa Mtoni Kijichi, ambaye boti yake imelala kwenye tope la mikoko akisubiri maji yajae, anataka televisheni ajue Simba na Yanga wamefikia wapi. Na wote wamesikia kwamba kuna kijisanduku kiitwacho inveta: unakifunga kwenye betri ya volti 12, upande wa pili unatoka umeme wa volti 230, uleule wa Tanesco, tena bila LUKU.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Ufuate hatua kwa hatua bila kuruka hata moja, na kabla kaskazi haijaacha kuvuma utakuwa umeshanunua inveta ya pili.

Hatua ya kwanza: usihesabu chochote, nenda Kariakoo

Kuna watu wenye tabia mbaya ya kukaa na kalamu kabla ya kutoka nyumbani. Wanaandika: simu nne zikichajiwa kwa pamoja, wati 40, taa tatu za LED, wati 27, sabufa ndogo, wati 50, televisheni ya inchi 32, wati 50. Wanajumlisha, wanapata 167. Wanaongeza akiba kidogo, wanagundua kwamba inveta ya wati 300 inawatosha. Unaona hasara yake? Mtu akishajua namba yake, hakuna muuzaji anayeweza kumfurahisha tena.

Wewe nenda mikono mitupu. Ingia duka la kwanza lenye waya zinazoning'inia mlangoni.

"Karibu bosi. Inveta ya gari au ya nyumbani?"

"Ya boti, kaka."

"Ya boti ndiyo hii hapa."

Ni ileile aliyomwonyesha kinyozi wa Tandika dakika tano zilizopita, lakini hilo lisikuhusu.

"Inabeba nini?"

"Kila kitu, bosi wangu. Friji, pasi, blenda. Wati elfu tatu hizo!"

Usimwulize inabeba kwa muda gani. Swali hilo halihusu inveta, linahusu betri, na betri zinauzwa duka la jirani.

Hatua ya pili: amini maandishi ya boksi

Boksi limepigwa chapa kubwa, namba ni nyekundu, pembeni kuna picha ya boti nyeupe ambayo haijawahi kupita Msasani. Namba hiyo, mara nyingi, ni ya kilele: nguvu ambayo inveta inaweza kuihimili kufumba na kufumbua, mota inapoamka. Nguvu ya kufanya kazi mfululizo huandikwa kwa herufi ndogo upande wa chini wa boksi, nayo huwa nusu ya ile ya juu, na kwa zile za bei ya kutupa hushuka zaidi.

Usipoteze muda kusoma herufi ndogo. Na kwa vyovyote vile usifanye jambo ambalo wauzaji wengi hawalipendi, yaani kuigeuza inveta na kutazama fyuzi zake. Inveta nyingi ndogo zina fyuzi za gari zilizochomekwa nyuma, kila moja imeandikwa ampea zake. Mtu mkorofi hujumlisha ampea hizo na kuzidisha kwa 12, maana ndizo volti za betri. Akikuta fyuzi moja tu ya ampea 35, anapata wati 420. Basi chombo chenye fyuzi hiyo hakiwezi kutoa wati 3000 kwa muda wa maana hata kikisomewa kisomo, kwa sababu fyuzi itakatika kwanza. Hesabu hiyo haihitaji fundi wala cheti. Inahitaji kukosa aibu dukani.

Hatua ya tatu: amini kwamba inveta ina umeme wake

Hii ndiyo nguzo ya mwongozo wote. Ukiiacha, hatua nyingine zitaporomoka.

Ukweli, ambao ni siri kati yetu, ni kwamba inveta ni dalali. Haina boti wala nyavu, na haijawahi kuvua hata kibua. Inapokea mali kwa betri upande huu, inaikabidhi kwa mteja upande ule, na kwa kazi hiyo inakata chake: asilimia 10, pengine 15. Tena hukata hata siku ambayo hakuna mteja. Inveta kubwa ikiachwa imewashwa bila kitu chochote kuchomekwa inaweza kula ampea-saa moja au zaidi kila saa, kwa kujilisha yenyewe na kuzungusha feni yake. Ndiyo maana dalali wa wati 3000 anayemhudumia mteja mwenye simu moja ni gharama tupu.

Sasa tazama mali yenyewe. Betri ya kawaida ya ampea-saa 70, ile ya maji ya asidi, kwa volti 12 ina wati-saa 840 ikiwa mpya na imejaa. Betri hii ya risasi na asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukiizoesha hivyo itakufa mapema. Zimebaki 420. Dalali akate chake, zimebaki kama 360. Kwa yule mwenye kalamu na wati zake 167, hizo ni saa mbili na dakika chache: mechi moja, mapumziko, na ubishi kuhusu penalti. Inveta iwe ya wati 300 au ya wati 3000, hizo saa mbili hazirefuki. Ile kubwa itazifupisha.

Kwa hiyo betri ikiisha, laumu inveta. Rudi Kariakoo ukanunue kubwa zaidi.

Hatua ya nne: chemsha chai

Hakuna kinachotambulisha boti ya kisasa kuliko birika la umeme. Birika la wati 1500 likiwashwa kupitia inveta, betri inatakiwa kutoa ampea 125, na pamoja na fungu la dalali zinakaribia 145. Betri ya ampea-saa 70 ikiombwa mkondo wa namna hiyo, volti zake zinaporomoka palepale, inveta inaanza kulia, na maji bado ni ya uvuguvugu wa kunawia mikono.

Tuseme betri imejikaza. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka joto la Dar es Salaam hadi yatokote kunahitaji takriban wati-saa 85, na kutoka kwenye betri zitachotwa karibu 100. Ni kama robo ya akiba yako ya usiku mzima, kwa vikombe vinne vya chai ya rangi. Chupa ya chai iliyojazwa nyumbani Ununio saa kumi alfajiri inafanya kazi hiyohiyo kwa wati sifuri, lakini nani atakuona wa maana na chupa ya maua?

Kanuni inayofichwa na picha za boksi ni hii: chochote chenye kazi ya kutoa joto, iwe pasi, birika au hita, ni mgeni mbaya kwenye betri ya boti. Na friji ya nyumbani ina ubaya mwingine: kompresa yake inapoanza kuzunguka huomba nguvu mara kadhaa ya ile inayotumia ikishatulia. Inveta iliyonunuliwa kwa kufuata hatua ya pili itazima hapohapo. Wavuvi wanaoshusha samaki Feri wanatumia barafu. Wewe ni wa kisasa, endelea.

Hatua ya tano: tumia waya uliobaki wakati wa kujenga

Kila nyumba ya Mbagala au Bunju ina kipande cha waya kilichobaki fundi alipomaliza kuweka taa. Kichukue. Inveta ifunge karibu na nahodha ili aione, betri iache nyuma karibu na injini, mita tatu hivi.

Hapa kuna uzuri ambao wengi hawaujui. Kwenye volti 230, wati 300 ni mkondo mdogo, kama ampea moja na robo, na waya mwembamba unatosha. Kwenye volti 12, wati zilezile pamoja na fungu la dalali ni karibu ampea 30. Waya wa milimita za mraba 1.5, mita tatu kwenda na mita tatu kurudi, utapoteza zaidi ya volti mbili njiani. Betri ina 12.4, inveta inaona 10.3, inadhani betri imeisha, inapiga kelele na kuzima. Wati zaidi ya 60 zinaishia kuupasha waya moto, nyingi kuliko zinazotumiwa na sabufa yenyewe.

"Bosi, inalia tena," nahodha atasema.

"Betri mbovu hiyo. Kesho nanunua nyingine."

Ndivyo betri nzima zinavyotupwa. Mtu asiyefuata mwongozo huu angenunua waya wa milimita za mraba 10, angeisogeza inveta hadi mita moja kutoka kwenye betri, na upotevu ungeshuka hadi sehemu ya kumi ya volti. Angebana ncha za waya kwa vichwa vya shaba na bolti badala ya vile vibanio vya meno vinavyokuja ndani ya boksi, ambavyo huachia boti inapopiga wimbi la kwanza nje ya ghuba ya Msasani. Na angeweka fyuzi ya ampea 40 kwenye waya chanya, kiganja kimoja tu kutoka kwenye betri, ili waya ukichubuka ikatike fyuzi, usiungue waya. Boti ya faiba inawaka vizuri sana, na tangi la petroli liko hapohapo.

Hatua ya sita: betri moja inatosha

Injini yako ya kuwasha kwa ufunguo ina betri. Mbona ununue nyingine? Funga sabufa hukohuko.

Utafika Mbudya salama. Watu watacheza, watakula pweza na chipsi, jua litaanza kushuka, kusi itaanza kukaza. Saa kumi na moja utageuza ufunguo na injini itajibu kwa mlio mmoja mdogo: tik. Betri ya kuwashia imetengenezwa itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache na ijazwe papo hapo. Kushushwa polepole hadi chini, mara makumi machache tu, kunatosha kuiua. Kengele ya inveta haikuonyi kwa wakati, maana nyingi hulia karibu na volti 10.5. Betri ya risasi iliyopumzika ikiwa imejaa husoma 12.7, ikiwa nusu kama 12.2. Ikifika 10.5 ilikwisha kuumia zamani.

Mtu mwoga angekuwa na betri mbili: moja ya injini ambayo haiguswi, nyingine ya starehe. Ya starehe angeijaza kwa paneli ya sola ya wati 100 yenye kontrola yake. Siku ya jua la Dar es Salaam paneli hiyo hurudisha wati-saa 350 hadi 400, takriban zilezile zilizotumika jana. Injini nyingi ndogo za kuvuta kamba hazichaji betri kabisa, hivyo kuitegemea injini ikujazie ni kuingojea meli stendi ya basi ya Mbezi.

Hatua ya saba: ifunge chini, isikae machoni mwa wezi

Wahenga walisema uende tezi uende omo, marejeo ni ngamani. Hawakujua inveta, lakini walijua maji. Kila tone linaloingia botini, la mvua, la wimbi, la soda ya abiria, mwisho wake ni ngama. Basi funga inveta hapo.

Ukipenda kuizidishia, ifungie ndani ya kasha moja na betri. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche, na inveta ina cheche za kutosha. Kasha likiwa halipitishi hewa, inveta itachemka na kujizima. Kasha likipitisha hewa upande wa bahari, feni itavuta ukungu wa chumvi na kuumwaga juu ya bodi, na baada ya misimu miwili shaba yote itakuwa ya kijani.

Msumbufu angeifunga juu, chini ya paa, mahali pakavu penye hewa, mbali na kasha la betri ila si mbali na waya mnene. Angepaka grisi kwenye vichwa vya betri kila mwezi. Angewaambia na abiria jambo moja ambalo wengi hawaliamini: umeme wa upande wa pili wa inveta haujapunguzwa ukali kwa sababu umetoka kwenye betri. Ni volti 230, na mwenye kuushika amelowa, amesimama kwenye maji ya chumvi, yuko pabaya kuliko aliye sebuleni kwake Temeke.

Hatua ya nane: usiulize umbo la umeme

Umeme wa Tanesco hupanda na kushuka kwa mviringo laini, mara 50 kwa sekunde. Inveta za bei nafuu huuigiza kwa ngazi: juu, sifuri, chini, sifuri. Taa na chaja nyingi za simu hazijali. Sabufa hujali, huongeza muungurumo wake wenyewe chini ya muziki. Mota ya feni au blenda hupata joto na kulalamika. Zile zenye umbo laini huandikwa "pure sine wave" kwenye boksi na huuzwa ghali zaidi. Ukitaka abiria wasikie wimbo, nunua hiyo hata kama ni ndogo. Ukitaka wasikie inveta, tumeshaelewana.

Hatua ya tisa: usijiulize kama unaihitaji

Hapa ndipo wenye akili dhaifu huanguka. Tumchukue mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza anawasha taa juu ya maji, dagaa wanakusanyika, wavu unazunguka. Baba yake alitumia karabai na mafuta ya taa. Yeye ana betri ya volti 12 na balbu za LED za nyumbani, za volti 230, alizonunua genge la jirani. Kwa hiyo amenunua inveta kupandisha 12 hadi 230. Ndani ya kila balbu kuna kidude kingine kinachoushusha tena umeme huo na kuunyoosha, kwa sababu LED yenyewe haitaki umeme wa kupanda na kushuka. Madalali wawili, kila mmoja kakata chake, mali imerudi karibu na pale ilipoanzia.

Umeme wa kupanda na kushuka ulishinda duniani mwishoni mwa karne ya 19, pale Marekani Westinghouse alipopambana na Edison, kwa sababu moja kubwa: ni rahisi kuupandisha volti ukasafiri mbali. Ndiyo sababu umeme wa Kidatu unafika Ubungo kwa kilovolti 220, na wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji unakwenda Chalinze kwa kilovolti 400. Kutoka kwenye betri yako hadi kwenye taa yako kuna mita mbili.

Taa za LED za volti 12 zipo, ndizo wanazotumia wenye sola. Chaja ya simu ya kwenye gari inatumia volti 12 moja kwa moja. Redio ya gari pia, pampu ya kutoa maji ngamani pia, GPS pia. Hata televisheni ndogo za sola zinauzwa za volti 12. Ukiorodhesha hivyo, kitu pekee kinachobaki kikidai inveta ni sabufa na labda chaja ya laptopu.

Kwa walioshindwa kufuata mwongozo

Wapo watakaokataa. Wataweka taa na chaja za volti 12, kila mstari na fyuzi yake. Kwa sabufa watanunua inveta moja ndogo ya wati 300 ya umbo laini, waigeuze wasome fyuzi, waifunge juu pakavu kwa waya mnene mfupi, waizime muziki unapoisha. Watakuwa na betri mbili na paneli moja. Kwa pesa iliyobaki wataongeza maboya ya kuvaa, idadi ilingane na abiria.

Kisha watapata adhabu yao. Boti ya namna hiyo haizungumzwi kijiweni. Fundi haijui, muuzaji wa betri haijui, hakuna hata abiria mmoja mwenye video yake ikivutwa na boti nyingine jioni huku watu wakifua maji kwa ndoo. Inakwenda Mbudya, inarudi, na mwenyewe hana cha kusimulia.